Mstari Mmoja Hautoshi: CYP2B6 na Kingamwili Tunazoziamini Mno

Kwa miaka mingi wataalamu wa dawa walikiona kimeng'enya CYP2B6 kama kitu kidogo tu. Hesabu za mwanzo zilikipa chini ya asilimia 1 ya vimeng'enya vyote vya jamii ya P450 kwenye ini la binadamu. Baadaye zikaja kingamwili bora zaidi, makadirio yakapanda hadi kati ya asilimia 2 na 10. Ini ni lile lile, kilichobadilika ni kipimo.

Hapo ndipo lawama yangu ilipo. Tunasaga ini, tunatenganisha protini kwa umeme kwenye jeli, tunaweka kingamwili, na mstari mweusi ukitokea tunashangilia: huyu hapa! Lakini P450 zinafanana kama ndugu wa tumbo moja, na karibu zote zina uzito wa kilodaltoni 50 na kitu. Yaani kingamwili ikimkamata ndugu badala ya mhusika, mstari utatokea palepale, na uzito hautakuokoa. Tena baadhi ya kingamwili za zamani zilitengenezwa dhidi ya CYP2B1 ya panya, halafu zikatumiwa kwa binadamu.

Mimi mwenyewe yamenikuta. Nilikuwa na mstari mzuri ajabu, mpaka siku nilipoweka pembeni yake seli zisizo na CYP2B6 kabisa. Mstari ukaja vilevile. Miezi miwili ya kazi, kwaheri.

Wewe usiyeshika pipeti linakuhusu nini? CYP2B6 ndicho hasa kinachovunja efavirenzi, dawa ya VVU ambayo watu wengi Afrika Mashariki waliimeza kila usiku kwa miaka, miligramu 600. Badiliko la jeni liitwalo 516G>T, ambalo ni la kawaida sana Afrika, hupunguza kimeng'enya hicho kwenye ini. Dawa inajaa kwenye damu, na wengine wanapata kizunguzungu na ndoto za kutisha. Upungufu huo unaaminika kwa sababu waliopima protini kwa kingamwili walipima pia jeni, RNA na kasi ya kimeng'enya chenyewe.

Sisemi tuzitupe kingamwili. Ila makala ikinionyesha mstari, inionyeshe pia CYP2B6 safi, ndugu zake kama CYP2A6 na CYP3A4, na seli zisizonacho. Na jeli yote, tafadhali. Picha iliyokatwa ikabaki na mstari mmoja tu huwa inanifanya nijiulize ni nini kilichokatwa.