Kwanza Migomba, Kisha Sinia

Sherehe nyingi huanza kwa amani zikaishia kwenye ugomvi. Watu huja wamependeza, hula, hucheza, kisha usiku ukishakuwa mkubwa vijana wawili hukumbushana deni la zamani. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini mashariki mwa Unguja, umeupindua mpangilio huo. Watu hupigana kwanza, mchana kweupe, wazee wakiwapo. Kula hufuata baadaye. Anayeieleza sherehe hii aghalabu hukimbilia maana zake: kuusafisha mwaka, kusameheana, kuondoa mikosi. Wenyeji wenyewe huzitaja maana hizo, nami sizipingi. Ila tukiishia hapo tumesoma maudhui tukaiacha fani, na katika Mwaka Kogwa kazi yote imo ndani ya fani: nani anapiga, anapiga kwa nini, kitu gani kinaungua, na kipi kinatangulia kipi.

Tuanze na wakati. Mwaka unaosherehekewa hapa ni wa Nairuzi, jamaa wa Nowruz ya Waajemi. Kule Iran na nchi zinazoizunguka, Nowruz huangukia karibu na tarehe 21 Machi, majira ya machipuko yanapoingia. Makunduchi husherehekea Julai, kipupwe kikiwa kimeshika na upepo wa kusi ukivuma. Sherehe ya machipuko imefikaje kwenye kipupwe? Jibu limo katika hesabu. Mwaka wa Nairuzi una siku 365 kamili: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 za nyongeza. Hauongezi siku kila mwaka wa nne. Kwa hiyo ukiupima kwa kalenda ya ukutani, unarudi nyuma siku moja kila miaka 4, siku kama 25 katika karne moja. Waajemi waliirekebisha kalenda yao mwaka 1079, wakaifunga Nowruz kwenye machipuko. Watu wa bahari waliendelea na hesabu ya zamani. Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa karne ya 15, alitaja nyakati za kusafiri kwa siku zilizopita tangu Nairuzi, na wakulima wa pwani nao walipanga kilimo chao kwa miongo.

Jambo hili lina uzito katika fani. Nowruz inaegemea majira. Familia huotesha ngano au dengu kwenye sahani, zikaliweka jani bichi mezani. Nje miti inachipua. Siku ya kumi na tatu watu hutoka majumbani wakaenda kukaa penye majani. Dunia yenyewe inasema kwamba mwaka umegeuka, na watu wanaitikia tu. Makunduchi hakuna msaada huo. Nairuzi imetembea, na kipupwe hakitangazi mwanzo wa kitu chochote. Sherehe iliyoachwa na majira yake inalazimika kuuonyesha mgeuko wa mwaka kwa vitendo vya watu. Ni lazima ilete uchafu wake yenyewe ili iwe na cha kuosha, na ilete ugomvi wake ili iwe na cha kupatanisha. Hapo ndipo migomba inapoingia.

Wanaume wa upande wa kusini hukabiliana na wa upande wa kaskazini, silaha ikiwa ni mgomba. Itazame silaha hii kwa karibu. Shina la mgomba si mti. Ni magamba ya majani yaliyokumbatiana, yamejaa maji. Likitua mgongoni mwa mtu hutoa kishindo kikubwa, hurusha maji, hupasuka nyuzi, na baada ya mapigo machache hubaki kitambaa mkononi. Maumivu yapo, na watu huondoka na michubuko, lakini kishindo huwa kikubwa kuliko jeraha. Mwelekezi wa tamthilia akitafuta kifaa cha jukwaani hatapata kinachoshinda hiki: kinasikika mbali, na kinakwisha kwa kutumika. Fimbo ingebaki nzima, na fimbo nzima huomba pigo jingine. Mgomba hujimaliza, kwa hiyo ugomvi umewekewa mwisho wake ndani ya kifaa chenyewe. Halafu kuna utomvu. Kila aliyewahi kukata mkungu anajua kwamba utomvu wa mgomba ukishaingia kwenye shati hautoki kwa sabuni. Sherehe ya kujisafisha imechagua silaha inayochafua, na doa humfuata mpiganaji hadi nyumbani.

Tazama pia pande zilivyogawanywa. Zimegawanywa kwa mahali mtu anapotoka, wala hazifuati nani ana kinyongo na nani. Mwenye kisa na mtu wa upande wa pili anaweza kumtafuta katikati ya vurugu akammalizia. Asiye na kisa na mtu anapiga kwa niaba ya upande wake. Anayetazama hawezi kuwatofautisha wawili hao, na pengine hata anayepigwa hawezi. Huo ni ufundi mkubwa wa muundo: kinyongo cha mtu binafsi kimepewa maficho ndani ya ugomvi wa wote, kikatoka bila kutajwa jina. Baraza la usuluhishi humtaka mtu aseme alichokosewa mbele za watu, na wengi hushindwa kwa aibu. Uwanja huu haumwulizi mtu kitu. Wala haumtangazi mshindi, kwa sababu ushindi ungekuwa mbegu ya kinyongo cha mwaka ujao.

Wakati huo huo wanawake hupita wakiimba, wamevaa kanga na nguo zao nzuri. Nyimbo zao zina mapenzi, zina vijembe, zina maneno ambayo siku nyingine yoyote yangemfikisha mtu kwa sheha. Msomaji wa haraka atawaona kama pambo la vita vya wanaume. Mimi nawaona kama nusu ya pili ya tendo lile lile. Kuna ugomvi wa mikono na kuna ugomvi wa kauli, na sherehe inaviendesha pamoja, kila kimoja kikiwa na silaha yake. Fumbo hufanya kwa maneno kile ambacho vurugu za uwanjani hufanya kwa mikono: linampata mlengwa bila kumtaja. Tofauti ni kwamba mgomba ukipasuka umekwisha, ilhali kijembe kizuri hubaki midomoni mwa watu hata baada ya sherehe. Ukiniuliza ni upande gani wenye silaha kali zaidi siku hiyo, sitawataja wanaume.

Kisha kibanda. Hujengwa kidogo, cha makuti, kwa kusudi moja tu la kuchomwa. Mtu huingia, moto huwashwa, naye hutoka mbio kabla haujamfika. Wenyeji hukieleza kitendo hiki kwa njia kadhaa: wapo wanaosema kinachoma mabaya ya mwaka uliopita, wapo wanaosema ni kinga ya nyumba dhidi ya moto. Kwa mhakiki, linalovutia ni taharuki ilivyofupishwa. Makuti makavu hayangoji. Tangu kiberiti hadi kutoka ni muda mfupi mno, na umati mzima unazuia pumzi. Linganisha na Iran, ambako usiku wa kuamkia Jumatano ya mwisho ya mwaka watu huruka juu ya moto uliowashwa barabarani. Anayeruka ameyashika maisha yake mwenyewe. Anachagua lini aruke na wapi akanyage. Aliyemo kibandani amezungukwa, na moto umewashwa na wenzake. Yupo ndani ya nyumba inayoungua, na jamaa zake wako nje. Baada ya ugomvi wa nusu kijiji kwa nusu, hiyo ndiyo picha inayofaa kufuata: mtu ameiweka roho yake mikononi mwa watu waliokuwa wakitwangana muda mfupi uliopita.

Wala kilele hakifungwi pale anapotoka. Moshi hutazamwa unaelekea wapi, na mwelekeo wake husomwa kama habari ya mwaka unaoingia. Vita vimekwisha bila mshindi, na moto nao unaisha kwa swali, maana moshi haupangwi na mtu. Mtunzi wa kawaida angetamani hapa tangazo la heri. Sherehe hii inakiacha kitendo chake kikuu wazi, kisha inawapeleka watu nyumbani kula.

Na kula kumefungwa kwenye sharti: nyumba iwe na mgeni. Kukosa mgeni siku ya Mwaka huhesabiwa kuwa dalili isiyo njema. Msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone hapa umegeuzwa kanuni ya kisanaa. Wahusika wa uwanjani wote ni wenyeji. Kwenye sinia ndipo mtu wa nje anapopewa sehemu yake, nayo ni kula. Hapa ndipo mfuatano unapoonyesha nguvu yake. Sinia lingetangulia migomba, lingekuwa hongo ya kuwazuia watu wasipigane, na kila tonge lingeliwa kwa tahadhari. Likija baadaye, linakuwa ushahidi: mkono ule ule ulioshika mgomba sasa unamega wali pamoja na wengine, na mgeni asiye na upande anaketi kati yao akashuhudia. Wagombanao ndio wapatanao, wahenga walisema; Makunduchi wameongeza kwamba mapatano yanataka shahidi mwenye njaa.

Basi tuseme penye udhaifu. Miaka hii sherehe ina mahema, viti vya wageni rasmi, vipaza sauti na hotuba. Watalii nao huja na kamera. Lawama nyingi huwaangukia watalii, na nadhani zimekosea njia, kwa sababu mgeni hakuwahi kuwa ziada katika Mwaka Kogwa. Bila yeye tendo la mwisho halikamiliki. Kasoro imo katika kiti. Wahakiki wetu wamebishana kwa miaka mingi kama jando, unyago na matambiko ni sanaa za maonyesho au la, na hoja kubwa imekuwa hadhira: je, kuna anayetazama tu? Kwa muundo wake wa asili Mwaka Kogwa unajibu kwamba hayupo. Mwanamume anapiga, mwanamke anaimba, mzee anautazama moshi kwa sababu moshi unamhusu, mgeni anakula. Hema limeanzisha mhusika wa tano, aliyeketi kivulini, asiyedaiwa kitu na mtu yeyote. Na mtu huyo akishakuwapo, wanaopigana huanza kumwangalia. Kishindo cha mgomba huanza kupigwa kwa ajili ya sikio lake, na kinyongo kilichopaswa kutoka hubaki pale pale kikingoja.

Hotuba nazo zina kosa la mahali, hata zikiwa nzuri. Kiongozi akisimama kati ya migomba na moto akahimiza umoja, anatamka kwa maneno jambo ambalo kibanda kilikuwa karibu kulionyesha bila neno. Katika tamthilia yoyote, mhusika anayeeleza maana ya onyesho kabla halijafika hulipunguzia nguvu. Dawa yake haihitaji kufukuza mtu wala kukataa ugeni wa serikali. Mwaka Kogwa huchukua siku nne. Hotuba zipewe siku ya pili, zipewe na hema lake; siku ya kwanza viti viondolewe uwanjani, na kila aliyekuja, awe waziri au mtalii, apangiwe nyumba ya kwenda kula.