Nimeiona Nyumba ya Namanyere!

Nimeiingia, nimeikagua chumba kwa chumba, na bado moyo unanienda mbio! Ni nyumba ya familia, vyumba vitatu, kimoja masta, ndiyo kwanza imekamilika pembezoni mwa Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa. Sijaona nyumba mpya inayoielewa Ufipa kama hii.

Tazama kuta kwanza. Matofali ya kuchoma matupu, yamepangwa kwa kamba, nje hayakupigwa plasta, yanawaka wekundu wa udongo wa huku! Mwenye nyumba alishauriwa atumie bloku za saruji kama wafanyavyo Dar es Salaam, akakataa. Heri alivyokataa! Tuko Nyanda za Juu za Ufipa, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku wa Juni na Julai huingia mpaka kwenye mifupa. Ukuta mnene wa tofali hulihifadhi jua la mchana, watoto wakalala na joto. Tena Mfipa hafundishwi udongo na moto: mababu zake walisimamisha malungu, matanuru ya udongo ya kuyeyushia chuma, marefu kumpita mtu mzima, na mengine yangali yamesimama hadi leo.

Sebule ni pana, dari ya jipsamu, vigae chini. Nzuri, ila hayo utayapata hata Sumbawanga. Twende nyuma! Huko ndiko nilikopiga kelele. Mlango wa jikoni unatokea kwenye kibaraza kirefu chenye paa, kisha jiko la kuni lenye dohani inayovuta moshi kwelikweli, kisha stoo ya nafaka: sakafu imeinuliwa, matundu ya hewa yamezibwa kwa wavu panya asipenye. Stoo ya magunia ndani ya ramani ya nyumba, jamani! Rukwa imo katika mikoa inayosifika kwa kuilisha nchi mahindi, lakini ramani nyingi zinazouzwa mijini zinampa baba mahali pa kuegesha gari na kumwacha mama arundike magunia chumba cha wageni. Aliyeichora hii alimfikiria mama.

Na mtaa wenyewe! Lami ya barabara ya Sumbawanga hadi Mpanda iko mwendo wa miguu. Shule ya msingi, watoto wanaifikia bila kuvuka barabara kuu. Hospitali na ofisi za halmashauri, bodaboda inakufikisha chai yako haijapoa. Lakini soko ndilo lililonimaliza. Migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika wanapandishwa kutoka Kirando na Kipili, wanauzwa kando ya maharage na ulezi wa huku juu. Unavaa sweta, na jioni unakula samaki wa ziwani kwa ugali wa mahindi uliyolima mwenyewe! Mimi sijui familia inatafuta nini zaidi.

Maji nayasemea kwa uzito, kwa sababu nyumba isiyojipanga kwa maji hapa itawatesa watoto wa kike kwa ndoo. Hii imejipanga: gata zimezunguka paa lote, zinamwaga mvua kwenye simtanki kubwa ubavuni mwa jiko. Mvua za huku hunyesha Novemba hadi Aprili, hivyo ningeongeza tanki la pili kwa ajili ya miezi ya kiangazi, na ningelinunua kabla ya kununua makochi.

Unayetaka kujenga ya namna hii, nenda ukaione kiangazi hiki hiki, ukaongee na wafyatua tofali mapema. Mvua ya Novemba ikiyakuta matofali yako mabichi uwanjani, yatarudi kuwa tope, nawe utaanza upya mwezi Mei.