Noki ya Kweli na Noki ya Uongo kwenye Injini ya Tabo

Subaru Forester yenye tabo inapanda mlima wa Iwambi, Mbeya, kutoka Mbalizi. Dereva amekanyaga mafuta, lakini katikati ya mlima gari linakosa nguvu. Fundi wa Ilomba akichomeka mashine ya kusoma, anakuta kompyuta imerudisha timingi ya cheche nyuma kwa sababu "imesikia" noki. Wengi hukimbilia kulaumu petroli au kununua sensa mpya. Ushahidi wenyewe bado haujaangaliwa.

Noki hutokea pale mchanganyiko wa hewa na petroli uliobaki silindani unapojilipua wenyewe baada ya plagi kuwasha. Kwenye injini ya EJ20 ya gari kama hili, ambayo silinda yake ina kipenyo cha milimita 92, mlipuko huo hutikisa bloku kwa masafa ya karibu kilohezi 6. Sensa ya noki ni kauri inayotoa umeme ikitikiswa, nayo imefungwa kwa boliti kwenye bloku. Haiujui mlipuko, inaujua mtikisiko tu. Buick ilitumia mfumo wa aina hii kwenye injini zake za tabo tangu 1978, na udhaifu huo haujaisha.

Kompyuta hujikinga kwa kusikiliza kipindi kifupi tu baada ya cheche. Kwa bahati mbaya, pistoni iliyolika nayo hupiga ukuta wa silinda karibu na kipindi hichohicho.

Kwa hiyo fundi makini huanza na rekodi. Anapanda na gari huku mashine ikihifadhi mzunguko wa injini, presha ya tabo, joto na marekebisho ya timingi. Noki ya kweli hufuata mzigo na joto. Marekebisho yakija kila mara kwenye mzunguko uleule, hata mafuta yakiwa yamekanyagwa kidogo, kuna kitu kinachotikisika: bati la kuzuia joto, bomba la egzosi linalogusa bodi, au maunti ya injini iliyochoka.

Hatua ya pili ni mikono. Injini ikipoa, kila bati hutikiswa. Intakula hutolewa ili kuifikia sensa iliyo chini yake, kutazama kama imepasuka, kusafisha kutu pale inapokalia, kisha kuifunga kwa spana ya torki. Sensa nyingi za boliti ya milimita 8 hukazwa kwa Nm 20 hivi. Kodi za P0327 na P0328 zinahusu saketi ya sensa; si uthibitisho kwamba injini inagonga.

Kipimo kinachotenganisha ni hiki: timingi irudishwe nyuma digrii 2. Noki ya kweli hupungua. Bati lililolegea halibadiliki. Plagi nazo zichunguzwe. Chembe za alumini kwenye kauri zake ni ishara kwamba pistoni inaumia.

Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, hivyo tabo ikilazimishwa kufikia presha ileile ya Dar es Salaam huzunguka kwa kasi zaidi na kutoa hewa ya moto zaidi. Noki ya kweli inawezekana kabisa.

Baada ya matengenezo, kumbukumbu ya kompyuta hufutwa na mlima uleule hupandwa tena kwa gia ileile. Marekebisho yakiendelea tabo ikiwa imejaa, gari lisikanyagwe tena hadi injini ichunguzwe, kwa sababu pistoni za injini hizi huvunjika kwenye kingo za ringi.