Nani Ameshika Mizani ya Bia?

Mwaka 1977 Mwingereza Michael Jackson, siyo yule mwanamuziki, alitoa The World Guide to Beer, akazipanga bia za dunia kwa mitindo. Kuonja bia kukawa uhakiki kamili: rangi, povu, harufu, uchungu, halafu alama.

Sasa ipeleke mizani hiyo Singida, kwenye pombe ya mtama. Ni nzito, ina machicha, ina uchachu, haina hopsi. Mbele ya pilsner inayong'aa, imefeli kabla haijamezwa. Lakini mnywaji wa kilabuni naye ni mhakiki: hii bado changa, hii imeiva, hii imelala. Anachopima ni wakati, maana pombe hiyo huendelea kuchachuka ikiwa kwenye kibuyu. Ya kesho siyo ya leo. Chupa ya kiwandani imetengenezwa ili kuzuia jambo hilohilo.

Wasomaji wa fasihi tunalijua kosa hili: kuusahihisha utenzi kwa kanuni za riwaya.

Jackson alionyesha kwamba bia inastahili maneno. Sawa kabisa. Ya kwetu yapo vilabuni, yanangoja wa kuyaandika tu.