Aina ya Mchezo Gani? Kamusi Zetu na Michezo Inayosahaulika

Tuanze na jaribio dogo ambalo mwalimu yeyote anaweza kulifanya. Mchukue mwanafunzi asiyewahi kucheza kombolela. Mpe kamusi ya Kiswahili, asome fasili ya neno hilo, kisha atoke uwanjani na wenzake watano wacheze. Tunashuku kwamba wengi watarudi darasani kuuliza: nani anaanza, nani ameshinda, na kwa nini mchezo unaitwa hivyo?

Kosa si la mwanafunzi. Kamusi zetu za lugha moja zimefanya kazi kubwa. Tangu Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotoka mwaka 1981, kupitia matoleo ya 2004 na 2013, hadi Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ya mwaka 2015, msamiati wa sayansi, sheria na utawala umeongezeka sana. Lakini linapofikiwa jina la mchezo wa watoto, mara nyingi fasili huwa ya mkato: aina ya mchezo, basi. Hoja yetu katika makala haya ni kwamba fasili ya namna hiyo huhifadhi jina tu, na mchezo wenyewe ukaachwa upotee.

Turudi kwenye kombolela. Mmoja hufumba macho kituoni, wengine hujificha. Anayeonekana hushikwa na kuwekwa kando. Lakini aliyebaki mafichoni akiwahi kufika kituoni kabla ya mtafutaji, huwakomboa wote walioshikwa, na mtafutaji huanza upya. Hapo ndipo jina linapopata maana, kwa sababu ndani yake tunasikia kitenzi komboa. Anayefasili kombolela kuwa "mchezo wa kujificha" ameacha kiini chake, yaani yule mmoja anayerudi kuwaokoa wenziwe. Hali ni hiyo hiyo kwa mdako. Mchezaji hurusha kijiwe juu, na kabla hajakidaka huchota vijiwe vingine kutoka shimoni; akirusha tena huvirudisha na kubakiza anachohitaji. Kanuni ya mchezo ndiyo inayofafanua neno. Kanuni ikisahaulika, neno hubaki bila nasaba.

Inawezekana msomaji akatujibu kwamba michezo hii haijasahaulika, kwani kila mkutanapo watu wazima huikumbuka kwa mapenzi makubwa. Ni kweli. Sisi wenyewe tunayo mapenzi hayo. Tutaje rede, nage, gololi, ukuti ukuti au gari la waya, na chumba kizima kitatabasamu. Lakini tuyachunguze mapenzi yetu. Aghalabu huishia kwenye sentensi moja: "Zamani tulicheza sana." Ukiuliza rede ilichezwaje, mmoja atasema mpira wa matambara hurushwa na wawili huku wa kati akikwepa. Mwingine atasema la, wa kati lazima pia ajaze mchanga kwenye chupa. Watabishana, watacheka, kisha watatawanyika bila hata mmoja kuandika.

Tulinganishe na wapenzi wa michezo ya viwandani iliyokwisha kuachwa. Wengi wetu tunakumbuka mchezo wa nyoka uliokuja na simu ya Nokia 6110 mwaka 1997, ukaenea zaidi kwa Nokia 3310 ya mwaka 2000. Wapenzi wa vitu vya aina hii wanajua namba ya toleo, mwaka, kitufe kilichofanya nini, na kipande gani hukatika kwanza. Mwaka 2017 simu ya 3310 ilitolewa upya, na nyoka akarudi nayo. Tunaweza kuwacheka watu wazima wanaohangaikia mwanasesere aliyekwisha kuondolewa madukani, lakini mapenzi yao yana daftari, na yetu hayana. Tena mchezo wao una mwenyewe, kampuni inayoweza kuurudisha ikiona faida. Mdako hauna kampuni. Una wachezaji tu, na wakiacha kuucheza hakuna pa kuagiza mwingine.

Hili si suala la kujifurahisha kwa kumbukumbu za utotoni. Tutazame rasi ya Afungi, wilayani Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado nchini Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Majirani zetu wa huko huzungumza Kimakwe, Kimwani na Kimakonde, na Kiswahili husikika katika pwani hiyo. Wanaisimu wamewatembelea: muhtasari wa Kimwani wa Malin Petzell ulitoka mwaka 2002, na sarufi ya Kimakwe ya Palma, kazi ya Maud Devos, ilichapishwa mwaka 2008. Baadaye mradi wa gesi asilia uliichukua sehemu ya rasi hiyo, na wakazi wa kijiji cha Quitupo wakahamishiwa makazi mapya ya Quitunda. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa. Maelfu ya watu walikimbia, wengine kwa miguu porini, wengine kwa vyombo vya baharini hadi Pemba, na mwezi Aprili kazi za mradi zikasimamishwa.

Katika misiba ya namna hii tunahesabu nyumba, mashamba, mitumbwi na roho za watu, na ni haki tuanze na hayo. Michezo haimo katika orodha. Lakini mchezo wa shimo na vijiwe hauhitaji duka. Unahitaji ardhi unayoijua, kivuli, na wenzako. Kuhama na kukimbia huviondoa vyote vitatu kwa pamoja.

Kuna jambo jingine, ambalo Iona na Peter Opie walilionyesha kwa watoto wa Uingereza katika kitabu chao cha mwaka 1959: michezo ya watoto hupita kwa kiasi kikubwa kutoka mtoto hadi mtoto. Wa miaka 10 humfundisha wa miaka 7, si bibi kumfundisha mjukuu. Kizazi cha mchezo, basi, ni miaka michache tu. Aliyekuwa na miaka 6 Palma ikishambuliwa alitimiza miaka 10 mwaka 2025. Huyo ndiye aliyepaswa kuwa mwalimu. Ni kweli kwamba watoto hubeba michezo hadi kambini na huko hujifunza mipya kwa wageni wenzao. Uhai huo tusiudharau. Hata hivyo, sarufi ya Kimakwe ipo rafuni, imeandikwa kabla ya watu kutawanyika. Mchezo ambao haukuandikwa hauna rafu ya kurudia.

Kwamba inawezekana kuandika, bao ni ushahidi. Mashimo 32, kete 64. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 6 kwenye nyumba, 2 na 2 kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi. Huanza kwa kunamua. Kete za mkononi zikiisha, mtaji. Wataalamu kama Philip Townshend na Alex de Voogt, ambaye kitabu chake juu ya mabingwa wa bao kilitoka mwaka 1995, waliyaandika haya kwa makini. Mgeni asiyewahi kukanyaga Zanzibar anaweza kujifunza. Bao lilipewa heshima hiyo kwa kuwa ni mchezo wa wazee. Mdako, mchezo wa watoto, na hasa wa wasichana, ulipewa "aina ya mchezo".

Tunapendekeza, kwa hiyo, kwamba fasili ya mchezo ijibu maswali manne: wachezaji wangapi, vifaa gani, nini hufanyika, na nani hushinda. Maneno 30 yanatosha. Kila mwanafunzi wa leksikografia na alete fasili moja ya mchezo alioucheza yeye, pamoja na maneno yanayotamkwa uchezapo, na mahali alipoucheza. Kisha aitoe nje. Watoto wakiweza kuucheza kwa fasili hiyo, tuichapishe katika toleo lijalo. Wakishindwa, airudie.