Lipime Jukwaa Mtandao Ukiwa Dhaifu

Ukitaka kujua ubora wa jukwaa la video, usilipime kwa Wi-Fi ya ofisini. Hapo kila jukwaa linapendeza. Chukua simu ya bei ya kawaida yenye bando la siku, panda daladala la Mbagala jioni, kisha fungua mahojiano marefu. Picha iache kwanza. Sikiliza sauti.

Video ya mtandaoni haiji nzima kwa mkupuo. Hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na kila kipande huandaliwa kwa viwango kadhaa, kuanzia 144p hadi 1080p na zaidi. Programu iliyo kwenye simu hupima kasi ya mtandao na kuagiza kipande kinachofuata kwa kiwango kinachobebeka, huku ikiweka akiba ya sekunde kadhaa mbele. Sauti ni nyepesi mno kuliko picha. Kwa hiyo mtandao ukilegea, jukwaa lililotengenezwa kwa ustadi hushusha picha mapema: nyuso zinapata ukungu, lakini msemaji anamaliza sentensi yake. Jukwaa bovu hung'ang'ania picha kali mpaka akiba inakwisha, ndipo kile kiduara kinapoanza kuzunguka. Mimi kigezo hiki nakiweka juu ya vyote. Sasa rudisha nyuma sekunde kumi. Programu ikianza kupakia upya kitu ulichokwisha kukiona, bando lako linaliwa mara mbili. Angalia pia kama unaruhusiwa kuchagua kiwango mwenyewe, na kama chaguo lako linakumbukwa kesho yake.

Sehemu ya ustadi huo ni mtaji. Google na Netflix huweka seva zao ndani ya mitandao ya kampuni za intaneti, ili video inayotazamwa na wengi itoke karibu na mtazamaji badala ya kuvuka bahari. Jukwaa changa lisilo na uwezo huo lina kazi ngumu, na ni haki kulikumbuka hilo unapolihukumu.

Ila fedha peke yake haitoshi. Mwaka 2005 Google ilikuwa na jukwaa lake, Google Video, lakini mwaka uliofuata ikainunua YouTube kwa dola bilioni 1.65. YouTube ilikuwa rahisi: video ilicheza palepale kwenye kivinjari, na mtu yeyote aliweza kuibandika kwenye ukurasa wake. Quibi, jukwaa jingine la video, nayo ilikusanya dola bilioni 1.75, ikafunguliwa Aprili 2020, na kufikia Desemba mwaka huohuo ikafungwa. Ilianza kwa kuonekana kwenye simu tu, na kipande kilichokufurahisha hukuweza hata kukipiga picha ya skrini umtumie rafiki. Kwa hiyo jaribu: tuma linki kwa mtu asiye na akaunti. Akilazimishwa kujisajili kabla ya kuona chochote, punguza alama.

Kisha ligeukie jukwaa kwa jicho la mtengenezaji. Mchukulie mpiga video wa harusi aliyekosea jina la bibi harusi kwenye maandishi ya mwanzo, na linki imeshasambaa kwenye magrupu yote ya ukoo. Vimeo humruhusu kubadilisha faili, na linki ikabaki ileile. YouTube haimruhusu, itabidi apandishe upya, na maoni yote ya pongezi yaachwe kwenye video ya zamani. Katika malipo, hata hivyo, YouTube inaheshimika: mtengenezaji aliyekubaliwa kwenye mpango wake hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo ya video ndefu, na asilimia 45 kwa video fupi za Shorts. Sharti hilo limeandikwa wazi. Jukwaa lisilokuambia mgawo wako, usilipe jasho lako.

Mwisho, tazama linavyopendekeza. Mwaka 2012 YouTube iliacha kutegemea idadi ya waliobofya, ikaanza kuangalia muda ambao watu wanatazama, kwa sababu vichwa vya uongo vilikuwa vinavuna watazamaji wanaoondoka baada ya sekunde chache. Fungua akaunti mpya, tazama video kadhaa za mapishi ya Kiswahili hadi mwisho, kisha chungulia orodha. Jukwaa zuri litakuletea wapishi wengine wa Kiswahili, wakiwemo wasiojulikana. La ovyo litakuletea umbea wa mastaa.