Korosho Ziingie Lini: Kuisoma Resipi ya Mishiri

Mishiri nusu kilo. Korosho nusu kikombe. Siagi kijiko 1 cha chakula. Kitunguu saumu punje 2. Limau nusu. Chumvi kiasi. Chemsha mishiri mpaka iive, uichuje. Kaanga korosho. Yeyusha siagi, tia kitunguu saumu, changanya vyote, kamulia limau, pakua.

Hii ndiyo sura ya kawaida ya resipi ya mishiri kwa korosho. Nimeitunga kwa kufuata desturi, bila kuongeza wala kupunguza. Tanzania wengi wangesema maharage machanga. Chakula ni kile kile. Aliyezoea jiko ataipitia kwa jicho moja na kuingia kazini. Mimi nataka tuisome polepole, neno kwa neno, kwa sababu naamini mvuto wa pishi hili uko katika umbo lake kuliko ladha ya kitu chochote kilichomo, na resipi tuliyoizoea inalificha umbo hilo. Viungo vyenyewe vinapatikana popote. Kazi yote iko kwenye wakati: kipi kinapikwa peke yake, kipi kinakutana na kipi, na mkutano huo unatangulia mlo kwa muda gani.

Tuanze na mpangilio. Vipimo juu, namna ya kupika chini. Tumeuzoea kiasi cha kudhani ndivyo mapishi yalivyoandikwa tangu zamani, kumbe ni desturi changa. Kwa karne nyingi maelezo ya mapishi yalikuwa maneno yanayotiririka, vipimo vikitajwa njiani au visitajwe kabisa. Mwingereza Eliza Acton, katika kitabu chake cha mwaka 1845, alivikusanya vipimo pamoja na muda wa kupika akaviweka mwishoni mwa kila pishi. Isabella Beeton, katika kitabu chake cha 1861, akaipandisha orodha juu, na huko juu imekaa hadi leo. Faida yake naikubali. Mtu anakwenda gengeni akijua anachotaka, na aliyeko nyumbani anajua mapema kama siagi imekwisha. Orodha inamhudumia mnunuzi vizuri.

Mpishi inamhudumia nusu tu, kwa kuwa orodha haijui saa. Ndani yake mishiri, korosho na limau vimesimama sawa, kana kwamba vyote vinaingia chunguni kwa mkupuo mmoja. Wapo walioliona tatizo hili. Irma Rombauer wa St. Louis, Marekani, katika toleo la 1936 la kitabu chake, aliivunja orodha na kukitaja kila kipimo pale pale kinapotumika. Mwaka 1961 Julia Child, Simone Beck na Louisette Bertholle waliugawa ukurasa safu mbili: kushoto vitu, kulia kazi, kila kitu kikikabiliana na hatua yake. Ni mabadiliko ya umbo tu, lakini yanamrudishia mpishi kitu ambacho orodha ya juu ilikuwa imemnyima.

Sasa sentensi ya kwanza ya kazi: chemsha mishiri mpaka iive. Iive kwa kipimo cha nani? Fannie Farmer, mwalimu wa Boston ambaye kitabu chake cha 1896 ndicho kilichowazoesha Wamarekani kupima kwa kikombe na kijiko vilivyosawazishwa juu, aliagiza maharage ya aina hii yachemshwe kwa muda wa saa 1 hadi 3. Mwanamke makini kuliko wote katika suala la vipimo! Wala hakukosea, maharage yaliyofika jikoni wakati ule yalikuwa makubwa, yenye nyuzi ngumu ubavuni. Calvin Keeney wa Le Roy, New York, ndiye anayekumbukwa kwa kuzalisha aina zisizo na nyuzi, mwishoni mwa karne ile ile. Mishiri inayochumwa leo Kirinyaga au Machakos huvunwa mbegu zikiwa hazijavimba, na ile ya kwenda Ulaya hupangwa kwa unene wake: milimita 6 kushuka chini, au isiyozidi 9. Kitu chembamba hivyo kinahitaji dakika chache tu. Hata hivyo bado nakutana na resipi zinazoagiza tuvute nyuzi ambazo hazipo. Sentensi imeishi kuliko sababu yake.

Kuiva kwa mishiri kuna alama zake, na zinaonekana. Itumbukize kwenye maji mengi yanayotokota: punde tu kijani kinakolea, kwa sababu hewa iliyokuwa katikati ya seli imetoka na rangi haina tena ukungu mbele yake. Hapo ndipo inapopendeza kuliko wakati wowote. Ukiendelea, asidi za mmea zinatoka, zinaiondoa magnesi iliyomo kwenye klorofili, na kijani kinageuka rangi ya jani la juzi. Kifuniko kinaharakisha maafa hayo, maana sehemu ya asidi ingeondoka na mvuke, nacho kinairudisha sufuriani. Kwa hiyo agizo la kuchemsha lisilosema sufuria ikae wazi limeacha nusu ya kazi. Wapo watakaotia magadi, kama tunavyofanya kwenye kunde na mrenda. Kijani kitabaki, ni kweli. Lakini magadi hulainisha, na ulaini unaotafutwa kwenye mrenda ndio unaoiharibu mishiri.

Kaanga korosho. Maneno mawili, na ndiyo sentensi nzito kuliko zote. Ziangalie kwa karibu korosho zilizobanguliwa, zile nyeupe, kwenye kikaango kikavu na moto mdogo. Mwanzoni hakuna kinachoonekana, na hapa ndipo watu wengi huondoka kwenda kukata kitunguu. Kisha harufu inatangulia, tamu kidogo, kabla rangi haijabadilika. Kisha madoa ya kahawia yanatokea kwenye mgongo wa korosho, pale unapogusana na chuma, huku upande wa ndani wa ule mkunjo ukiwa bado mweupe. Kutoka hapo mambo yanakwenda mbio. Karibu nusu ya uzito wa korosho ni mafuta. Zikishapata moto zinaushika, na zinaendelea kujipika hata jiko likizimwa. Mtu aliyeambiwa akaange tu atazima moto wakati zikiwa nzuri na kuzikuta zimeungua, ilhali amefuata maandishi barabara. Agizo lilipaswa kuendelea: zimwage kwenye sahani baridi. Bila maneno hayo, aliyeungua mikono ni msomaji na aliyewasha moto ni mwandishi.

Changanya vyote. Hapa nina ugomvi wa kweli.

Anayejua shairi la kimapokeo anajua jinsi mshororo unavyofanya kazi. Kuna ukwapi na kuna utao, kila kipande na mizani yake, mara nyingi minane kwa minane, kila kipande na kina chake, na katikati kituo kidogo cha pumzi. Utamu unatokana na kwamba vipande viwili vimekutana vikiwa bado viwili. Ondoa kile kituo, yachanganye maneno, na hata kama hakuna neno lililopotea, shairi limekwenda. Pishi hili limejengwa hivyo hivyo. Kipande kimoja ni cha kijani, chenye maji, kinachopinda kabla ya kukatika. Cha pili ni kikavu, cha kahawia, kinachovunjika kwa mlio. Jino linapita kimoja na kukuta kingine. Vikichanganywa mapema, maji ya mishiri yanaingia kwenye korosho na mlio unakufa. Kinachobaki ni laini juu ya laini. Limau nalo, likikamuliwa mapema, linafanya kazi ile ile ya asidi niliyoitaja, na meza inapoandaliwa rangi imeshachoka.

Kwa nini basi mikono yetu inapenda kuchanganya? Nadhani ni kwa sababu tumelelewa na umbo jingine, tena umbo kamili. Kwenye mchicha wa karanga au kisamvu, karanga husagwa, hutiwa chunguni chakula kikiwa motoni, hukorogwa taratibu mpaka mchuzi uwe mzito na mafuta yaelee juu. Mafuta yakielea, mpishi anajua kazi imekwisha. Karanga imeacha kuwa karanga, jani nalo limeacha kusimama peke yake, na rojo lile linachotwa kwa tonge la ugali au linamwagwa juu ya wali. Hapo kuunganika ndiko kunakotafutwa, na mpishi anayewahi kuipua amekosea. Mishiri kwa korosho inataka kinyume chake. Siweki moja juu ya nyingine. Ninachosema ni kwamba mkono uliofuzu katika umbo la kwanza unahitaji maandishi yaliyo wazi ili ufanye vizuri katika la pili, na maneno kama changanya vyote yanaurudisha mkono huo kwenye mazoea yake.

Sehemu nyingine za dunia zimeingia katika kazi hii kwa milango tofauti. Georgia wanasaga kokwa za walnati pamoja na viungo na kuzikanda na mboga zilizochemshwa, jambo ambalo mpishi wa kisamvu angelielewa upesi. Japani wanakaanga ufuta kisha wanausaga kidogo, usiwe mzima wala usiwe uji, wakauvingirisha kwenye maharage machanga. Wafaransa ndio walioshikilia zaidi utengano: lozi zilizokatwa vipande vyembamba wanazigeuza ndani ya siagi yenyewe mpaka ziwe za dhahabu, ndipo zinamwagwa juu. Katika namna hii lozi inafika imejipaka mafuta, na mafuta yanayachelewesha maji. Ni wazo zuri kwa anayejua kwamba wageni watachelewa kukaa.

Kama ningepewa nafasi ya kuiandika upya ningeandika hivi:

Kaanga korosho nusu kikombe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukizigeuza mpaka zinukie na ziote madoa ya kahawia. Hapo hapo zimwage kwenye sahani. Chemsha maji mengi yenye chumvi. Yakitokota, tia mishiri nusu kilo iliyokatwa vikonyo, uache sufuria wazi. Anza kuonja baada ya dakika 4. Ikikatika kwa jino na ladha ya ubichi imeondoka, ichuje na uiache mpaka mvuke uishe. Kwenye kikaango kile kile yeyusha siagi kijiko 1 cha chakula, tia kitunguu saumu punje 2 zilizokatwakatwa, na kabla hakijageuka rangi tia mishiri, uigeuze mpaka siagi iipake yote. Pakua. Watu wakishakaa, kamulia limau nusu na umwagie korosho juu.

Imerefuka, lakini orodha ya juu haihitajiki tena. Korosho, zinazofika mezani mwisho, ndizo zinazopikwa kwanza, kwa kuwa ndizo pekee zinazoweza kungoja bila kuharibika. Hili ndilo ambalo resipi ya mwanzo ilishindwa kulionyesha, ingawa haikusema uongo popote.

Kuna tarakimu moja tu ya muda, zile dakika 4, nayo nimeiweka mahali pa kuanzia kuonja. Nisingethubutu kuiweka mahali pa kumalizia. Dar es Salaam, usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 100. Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, yanachemka karibu na nyuzijoto 94, na mishiri ile ile inachukua muda zaidi. Resipi inayotegemea dakika imeandikwa kwa ajili ya mji mmoja. Inayotegemea jino inasomeka kote.

Najua jibu la wahariri: ukurasa ni mdogo. Basi nafasi ikibana, wakate orodha, maana vipimo vyote vimeshatajwa ndani ya maelezo. Wakate hata kitunguu saumu. Pishi litasimama bila hicho. Sentensi ya mwisho, yenye limau na korosho, wasiiguse.